Chazo, Ngawa na Chui wa Kusingiziwa: Wanyama wa Ajabu Waliofugwa Visiwani Kwetu

Leo tunaiacha kidogo meza ya mapishi na kabati la nguo, tuzungumze historia. Mada yetu ni wanyama wa ajabu ambao watu wa pwani na visiwa vyetu wamewahi kuwafuga. Mwanzoni itakuwa kama hadithi ya kufurahisha, lakini tunawaomba msome mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake limo jambo linalotugusa sisi wanawake wa Kojani na Wapemba wote.

Hapa Kojani nafasi yenyewe ni ndogo. Kisiwa chetu ni chembamba, kimetengwa na Pemba kwa mkondo wa maji, na nyumba zimebanana. Ukiona mnyama uani, ni kuku, mbuzi au paka anayesubiri utumbo wa samaki. Lakini Kiswahili chetu hakikuliwekea neno “kufuga” mpaka wa mbuzi na kuku. Mtu anafuga ng'ombe, anafuga ndevu, anafuga kucha, na asiyekwenda hospitali tunasema anafuga maradhi. Tena husemwa fulani anafuga jini. Neno ni moja kwa vinavyoonekana na visivyoonekana, na katika historia yetu wapo wanyama waliofugwa kwa mikono, na wapo waliofugwa midomoni mwa watu tu. Tuanze na wa mikono.

Ndege wa Abu Umayr

Kabla ya kufika pwani yetu, tupitie Madina. Bi Umm Sulaym, mama yake Anas bin Malik (radhi za Allah ziwe juu yao), alikuwa na mtoto mdogo aliyeitwa kwa kuniya ya Abu Umayr. Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo akicheza naye, na ndege akafa. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alipomkuta mtoto amenuna, alimwita kwa kuniya yake na kumuuliza yule ndege wake amefanya nini. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Ibn al-Qass, aliandika kitabu kizima juu yake, akitoa faida 60 ndani ya kisa hiki kifupi. Miongoni mwa yanayochukuliwa humo ni kuwa inafaa mtoto kuwa na ndege wa kucheza naye, maadamu hamtesi.

Upande wa pili tunazo hadithi mbili ambazo kila mtoto wa madrasa anazijua: ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, na ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Basi kufuga mnyama kwetu ni amana. Mwenye kumweka mnyama amechukua dhima ya tumbo lake. Tuwatazame wanyama wa pwani yetu kwa jicho hilo.

Chazo, samaki aliyevua kasa

Waume zetu, kaka zetu na watoto wetu wa kiume wanamjua chazo. Ni samaki mrefu mwembamba mwenye kitu kama sahani ya mistari juu ya kichwa, anayejibandika kwa papa, kwa kasa, hata kwa chombo. Wataalamu wanasema sahani ile ni pezi la mgongoni lililogeuka umbo. Ukimvuta chazo kwa mkia kurudi nyuma, ndiyo kwanza anashika zaidi. Ukimsukuma mbele, anabanduka bila taabu.

Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki waliligundua hilo zamani, wakamfanya chazo kuwa msaidizi wao. Walimkamata hai, wakamfunga kamba mkiani, wakatoka naye baharini kutafuta kasa. Kasa akionekana amelala juu ya maji, chazo huachiwa. Akishajibandika kwenye gamba, mvuvi hulegeza kamba, kasa akazama na kuhangaika mpaka achoke, kisha akavutwa polepole hadi ubavuni mwa chombo. Aliyetafutwa hasa alikuwa ng'amba, kwa ajili ya gamba lake zuri lililokuwa bidhaa ya thamani katika biashara ya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi.

Hii si ngano. Mfaransa Philibert Commerson, aliyefariki mwaka 1773, aliacha maandishi yanayoeleza uvuvi huu katika pwani ya Msumbiji. Baadaye Frederic Holmwood, aliyekuwa katika ubalozi wa Uingereza Zanzibar, aliandika taarifa kuhusu wavuvi wetu na chazo wao, ikachapishwa London mwaka 1884 katika jarida la jumuiya ya elimu ya wanyama. Alieleza kuwa samaki hao walihifadhiwa wakiwa hai, na wengine walitiwa kipete cha chuma mkiani cha kufungia kamba. Na mbali kabisa na huku, watu wa msafara wa Columbus mwaka 1494 waliwakuta wenyeji wa Cuba wakivua kwa njia hiyo hiyo. Watu wasiowahi kuonana, kila mmoja katika bahari yake, wamemtazama samaki yule yule na kupata fikra ile ile. Subhanallah.

Leo ng'amba na kasa wengine wanalindwa na sheria, na biashara ya magamba imepigwa marufuku duniani, kwa hiyo uvuvi huo hatuuombei urudi. Lakini tunaona ni vizuri watoto wetu wajue kuwa wavuvi wa pwani hii walikuwa na elimu ya bahari iliyowashangaza wageni. Mtu hawezi kumtumia chazo bila kujua anakula nini, anakaa wapi, anachoka lini.

Ngawa na harufu ya zabadi

Mnyama wa pili anatuhusu wanawake moja kwa moja. Ni ngawa, yule mnyama wa usiku mwenye madoa, anayefanana na paka mwenye pua ndefu. Ngawa ana kifuko chini ya mkia chenye mafuta mazito, na mafuta hayo ndiyo zabadi. Katika hali yake yenyewe harufu yake ni kali ya kukimbiza mtu, lakini ikichanganywa kidogo sana na manukato mengine huyatuliza na kuyafanya yadumu nguoni. Wanawake wa pwani waliijua zabadi pamoja na udi, ambari na miski kabla chupa za manukato ya Ulaya hazijafika madukani.

Kwa sababu ya zabadi, ngawa walifugwa vizimbani na kusafirishwa kwa majahazi. Aina ndogo ya ngawa inayopatikana visiwani kwetu asili yake ni bara Hindi, na wataalamu wengi wanaona ililetwa na watu kwa ajili ya mafuta hayo. Kisha wakatoroka au wakaachiwa, wakazaana maporini.

Ufugaji huo haukuwa na huruma sana. Ethiopia, ambako bado upo mpaka leo, ngawa huwekwa katika kizimba chembamba asiweze kugeuka, na kila baada ya siku kadhaa hukwanguliwa mafuta yake. Tukiikumbuka hadithi ya yule paka aliyefungiwa, tunajiuliza harufu nzuri ina bei gani. Siku hizi manukato mengi yanatumia zabadi ya kutengenezwa viwandani. Dada anayependa kuchanganya udi wake mwenyewe anaweza kuulizia hiyo na akawa na moyo mtulivu.

Twiga wa Malindi na kobe wa Changuu

Wapo pia wanyama waliotolewa zawadi na watawala. Mwaka 1414 twiga alifika katika ikulu ya Mfalme Yongle wa China, ameletwa na wajumbe wa Bengal, na inaelezwa kuwa asili yake ni Malindi. Mwaka 1415 Malindi wenyewe walipeleka twiga wao. Wachina walimfananisha na mnyama wa baraka katika ngano zao, na picha iliyochorwa imebakia hadi leo. Tunamfikiria twiga yule ndani ya chombo, shingo ndefu na mawimbi ya bahari kuu, majani ya mikakasi yakiwa nyuma yake moja kwa moja.

Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, kobe wakubwa wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza. Walizaana, wakawa wengi. Kisha wezi wakaanza kuwaiba na kuwauza nje kwa watu waliotaka mnyama wa ajabu wa kuonesha wageni nyumbani, mpaka wakabaki wachache mno na ikabidi wawekewe ua na walinzi. Kobe anaweza kuishi zaidi ya miaka 100, na anayemnunua kwa pupa hajiulizi nani atamlisha atakapokufa yeye.

Hao wote walionekana kwa macho na kushikwa kwa mikono. Sasa tuje kwa mnyama aliyefugwa kwa maneno.

Chui wa kufugwa

Pemba hatujawahi kuwa na chui. Unguja walikuwepo, tena chui wa aina yake, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa madogo yaliyosongamana. Mwaka 1932 mtaalamu wa Kiingereza R. I. Pocock alimpa jina la kitaalamu, adersi, kwa heshima ya Dk. Aders aliyefanya kazi Zanzibar. Jina hilo hilo amepewa paa nunga, paa mdogo wa Unguja. Mwindaji na mwindwa wamepewa jina la mtu mmoja.

Watu wa vijijini Unguja waliamini kuwa chui ni wa namna mbili. Yupo chui wa mwitu, wa porini, na yupo chui wa kufugwa. Huyu wa pili, walisema, ana mwenyewe. Anafichwa, analishwa, anatumwa usiku kula mbuzi wa jirani, kutisha watu, hata kudhuru mtoto. Na mwenye chui ni mchawi. Imani hii imeandikwa kwa kina na watafiti wawili, Martin Walsh na Helle Goldman, waliozungumza na wanakijiji kwa miaka mingi.

Maelezo ya watafiti hao ni rahisi kufahamika. Katika karne ya 20 watu wa Unguja waliongezeka, mashamba yakaingia maporini, na wanyama ambao chui aliwategemea wakapungua. Chui mwenye njaa akasogea vijijini, akachukua kuku, mbuzi na mbwa. Wanakijiji wakauliza: mbona anakuja kwangu, haendi kwa fulani? Jibu likawa mdomoni kabla ya kufikiri: fulani ndiye anayemfuga.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Hakuna aliyeweza kuonesha kizimba wala mtu akimlisha chui wake. Kilichokuwepo ni mbuzi aliyeliwa na jirani asiyependwa. Kati ya hivyo viwili watu walijaza maneno, na maneno hayo yakamwangukia mtu mwenye jina, mwenye watoto, anayeswali safu moja na wanaomsengenya.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, mambo yalifikia kilele. Mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza kampeni iliyozunguka vijiji vya Unguja, ikiwa na kazi mbili kwa pamoja: kufichua wachawi na kuua chui. Chui akahesabiwa ni adui wa kuangamizwa. Waliendelea kuwindwa kwa miaka mingi baadaye, na kufikia miaka ya 1990 watafiti waliokuja kuwatafuta hawakupata uthibitisho kuwa bado wapo.

La kusikitisha zaidi ni lililofuata. Chui walipotoweka, chui wa midomoni hakutoweka naye. Miaka ile ya 1990 wageni na wahifadhi walipokuwa wakitafuta chui, walitokea watu wa kusema kuwa wanawajua wafugaji, na kwamba kwa malipo wangeweza kuwaonesha chui. Hakuna chui aliyeletwa. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionesha picha za usiku kikidai zimemnasa chui wa Unguja, lakini hazijathibitishwa. Chui aliyepo kwa hakika ni yule aliyekaushwa katika jumba la makumbusho mjini.

Kwa nini sisi wa Kojani tunalisema hili

Mtu anaweza kusema hiyo ni habari ya Unguja, Pemba hakuna chui. Ni kweli. Lakini sisi tunaujua uzito wa kusingiziwa kufuga kitu.

Wavuvi wa Kojani wanakwenda dago kila pahala: Unguja, Tanga, Mafia, mpaka pwani ya Kenya. Wanawake wengi huwafuata waume zao, wakapika, wakauza samaki, wakaishi ugenini kwa miezi. Na kila Mpemba aliyekaa ugenini ameshawahi kuulizwa, nusu kwa mzaha nusu kwa hofu, kama amekuja na majini yake. Sifa hii ni ya zamani. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, katika kitabu cha safari zake kilichotoka mwaka 1931, tayari aliitaja Pemba kuwa makao makuu ya uchawi. Watu walimsimulia, akaandika, na waliosoma wakasimulia tena.

Mzaha huo una mwisho mbaya. Wengi wetu tunaikumbuka hofu ya Popobawa ya mwaka 1995, iliyoanzia Pemba ikavuka kwenda Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, na wengine wakanong'onezana nani amelileta jini hilo. Mjini Unguja mtu mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Alikuwa mgonjwa. Familia yake ilimzika kwa sababu ya dhana.

Hatusemi kuwa uchawi haupo. Qur'ani imeutaja, na tumefundishwa kujikinga kwa Ayatul Kursiy na sura mbili za mwisho. Lakini kujikinga ni jambo moja, na kumtaja mwanamke wa nyumba ya tatu ni jambo jingine. Katika Suratul Hujurat Mola wetu ametuamrisha tuhakikishe habari inapoletwa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki kujuta. Na katika sura hiyo hiyo ametukataza dhana, kupelelezana na kusengenyana. Mama yetu Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) alisingiziwa jambo ambalo hakulifanya, na waliolieneza hawakuwa wote maadui. Wengine walikuwa Waislamu wema walioshindwa kuzuia ndimi zao.

Mara nyingi anayetajwa ni nani? Ni bibi kizee anayeishi peke yake. Ni mjane aliyefanikiwa katika biashara yake ndogo. Ni mgeni aliyeolewa kutoka kijiji kingine. Ni mwanamke asiye na mtoto, mwenye paka wengi. Huyo bibi na paka wake huenda ndiye anayeitekeleza ile hadithi ya kumlisha mnyama kuliko sisi wote, na sisi tunamwogopa.

Tufanye nini

Tukisikia “fulani anafuga”, tuulize maswali mawili kwa upole: nani ameona kwa macho yake, na ameona nini hasa? Tukikosa jibu, habari iishie hapo kwetu, tusiipeleke jikoni kwa jirani wala kwenye kundi la simu.

Watoto wetu tuwaache wawe na mnyama wa kulea, kifaranga au paka, na tuwafundishe kumpa maji kabla ya wao kunywa. Kisha tuwasimulie habari ya chazo, ya ngawa na ya kobe wa Changuu, wajue walikotoka. Na tuwasimulie pia chui wa Unguja, kwamba alikuwa mnyama wa kweli, kiumbe wa Allah aliyekuwa na njaa.

Na yule bibi wa nyumba ya mwisho, tumpelekee sahani ya futari Ramadhani ikifika, na kabla ya Ramadhani pia. Tukae naye barazani hata nusu saa. Wengi wanaotajwa kwa uchawi hawajapigiwa hodi na jirani kwa miaka.

Allah atulinde na shari ya kila mwenye shari, na atulinde sisi tusiwe shari kwa wenzetu. Aamin. Wallahu a'alam.